Baiskeli ya Jirani

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuambia tuandike insha kuhusu nchi jirani, wenzangu wengi walichagua Ufaransa au Poland. Mimi nimechagua Uholanzi kwa sababu ndiyo nchi ya kigeni niliyoifahamu kwanza. Nilizaliwa katika mji mdogo wa Ujerumani karibu na mto Rhine, kilomita 30 tu kutoka mpakani. Jumamosi watu wa kwetu huvuka kwenda kununua kahawa, maana huko bei yake ni nafuu, na hurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilipokuwa mtoto barabarani hapakuwa na kizuizi wala askari wa kuuliza pasipoti. Unajua umefika Uholanzi kwa sababu madirisha mengi ya nyumba hayana mapazia na njia za baiskeli zina lami nyekundu.

Lakini babu yangu, mzazi wa baba, hakuvuka mpaka huo hata mara moja tangu nilipopata akili. Bibi alikwenda na rafiki zake, Babu akabaki nyumbani. Ukimwuliza, alisema haipendi kahawa ya huko. Nasi tulinyamaza, ingawa kila asubuhi tulimwona akiinywa kahawa hiyo hiyo.

Jambo jingine nililolijua kuhusu Babu ni kovu lake la kidevuni. Lilikuwa refu na jeupe, na ndevu hazikuota juu yake. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuligusa. Nilimwuliza limetoka wapi, akanijibu, "La vita." Kwetu sisi watoto wa Kijerumani, jibu hilo lilitosha kufunga mazungumzo.

Bibi alifariki mwanzoni mwa mwaka 2006. Miezi michache baadaye Baba alinunua gari kuukuu, lile la aina ambayo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, meza na choo kidogo. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka tisa, alilipa jina la Konokono, kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni na halikuweza kwenda mbio. Baba alisema Julai tutasafiri kwa Konokono kwenye pwani ya Uholanzi kwa majuma mawili, na Babu hatabaki peke yake nyumbani. Tulidhani Babu atakataa. Alitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya."

Siku ya kuondoka Baba alifunga baiskeli tatu nyuma ya gari: yake, ya Mama na ya marehemu Bibi. Ya Bibi hakukuwa na mtu wa kuipanda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na bado ilinizidi urefu. Mama aliitazama, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Tukaondoka.

Tulianzia kaskazini, Egmond aan Zee, penye mnara mweupe wa taa juu ya vilima vya mchanga. Mwezi ule joto lilizidi la Julai yoyote iliyowahi kupimwa Uholanzi hadi wakati huo. Mchana ndani ya Konokono palikuwa kama tanuri. Mimi na mdogo wangu tulilala kwenye kitanda cha juu ya kichwa cha dereva, Baba na Mama nyuma, na Babu alilala katikati, pale meza iliposhushwa na kugeuzwa kitanda. Maana yake ni kwamba Babu hakuweza kulala mpaka sisi sote tumemaliza kula na kucheza karata, na hakuna aliyeweza kupata chai asubuhi mpaka Babu ameamka. Katika gari la namna hiyo watu hujuana upya. Nilijifunza kwamba Baba hukoroma, kwamba Mama huogopa radi, na kwamba Babu huamka saa tisa usiku, hukaa kitako na kutazama dirishani mpaka kunapambazuka.

Uholanzi hairuhusiwi kulala na gari popote unapopenda. Kila jioni tulitafuta uwanja wa kambi, tukalipa, tukajaza maji kwenye tangi, na mimi na Baba tukaenda kumwaga tangi la choo, kazi ambayo mdogo wangu aliikwepa kila siku kwa sababu mpya. Asubuhi tulishuka kidogo kuelekea kusini. Baba ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo hatukupita tuta lolote bila kupewa somo. Alituambia kwamba zaidi ya robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Ukisimama juu ya tuta unaliona jambo hilo kwa macho: upande mmoja maji, upande mwingine ng'ombe, na ng'ombe wako chini kuliko maji.

Siku ya tatu tulikuwa Zandvoort. Bendera za rangi ya machungwa zilikuwa bado zimetundikwa madirishani, maana Kombe la Dunia lilikuwa limemalizika kwetu Ujerumani siku chache kabla. Kijana mmoja aliyekuwa akikodisha baiskeli aliona namba ya gari letu, akacheka na kutuuliza kwa Kijerumani, "Mmeturudishia baiskeli zetu?" Baba naye alicheka. Mdogo wangu hakuelewa, kwa hiyo Baba alimweleza: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Kijerumani walioikalia Uholanzi waliwanyang'anya watu baiskeli zao, na tangu siku hizo Waholanzi huwatania Wajerumani wakidai warudishiwe. Husikika hata kwenye viwanja vya mpira. Mdogo wangu aliupenda utani huo kupita kiasi. Mchana wote alikuwa akitufuata na kusema, "Baiskeli yangu iko wapi?"

Babu aliinuka kitini, akaingia ndani ya Konokono na kufunga mlango, na joto lote lile.

Mpango wa Baba ulikuwa kuishia Scheveningen, kisha kurudi nyumbani polepole kwa njia ya ndani. Tulifika huko, tukala samaki wa kukaanga na viazi juu ya gati refu linaloingia baharini. Usiku, tulipokuwa tumeshapanda kitandani, nilimsikia Babu akimwambia Baba kwa sauti ya chini, "Nataka twende mbele mpaka Westkapelle."

Baba aliuliza, "Kuna nini huko?"

"Nilikuwako," alisema Babu.

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza.

Kesho yake tulipita nje ya Rotterdam, tukaingia jimbo la Zeeland, ambalo ni visiwa na ghuba zilizounganishwa kwa matuta na mabwawa. Barabara yenyewe hupita juu ya kizuizi kikubwa cha bahari kwenye mlango wa ghuba ya Oosterschelde. Baba aliegesha gari kwenye kisiwa cha katikati kilichotengenezwa na watu, akatutoa sote nje. Alitueleza kwamba usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilikutana na bamvua, matuta yakapasuka, na watu 1,836 wakafa nchini humo. Baada ya msiba huo Waholanzi walianza kufunga midomo ya ghuba zao mmoja baada ya mwingine. Lakini hapa wavuvi na wapenzi wa mazingira walikataa bahari isifungiwe kabisa, maana kome na chaza wangekufa. Kwa hiyo kilijengwa kizuizi chenye milango 62 ya chuma, kikafunguliwa mwaka 1986. Siku za kawaida milango huwa wazi, maji yakajaa na kupwa kama zamani. Dhoruba ikija, hushushwa.

Tulisimama tukiyatazama maji yakipita kwa nguvu kati ya nguzo. Mdogo wangu alimwuliza Babu kama aliwahi kuona mafuriko.

"Si haya ya 1953," alisema Babu. "Yangu yalikuwa kabla."

Westkapelle iko kwenye ncha ya magharibi ya Walcheren, na bahari iko pande tatu za kijiji. Tuta lake ni pana na refu, na juu yake kimewekwa kifaru cha vita kama kumbukumbu. Watoto walikuwa wakikiparamia. Tulipata nafasi kwenye uwanja mdogo wa kambi nje ya kijiji. Jioni Mama alipika tambi, tukala nje, na sahani zilipoondolewa Babu akaanza kusema bila kuulizwa. Aliongea akiitazama meza.

Mwaka 1944 alikuwa na miaka kumi na minane, askari wa mizinga ya pwani. Kazi yake mara nyingi ilikuwa kupeleka barua kutoka mzinga mmoja hadi mwingine kwa miguu. Mwishoni mwa Septemba mkubwa wake alimwambia ajitafutie baiskeli. Alikwenda kijijini. Mbele ya nyumba moja alimwona mwanamke wa miaka kama thelathini akiegemeza baiskeli ukutani. Magurudumu yake yalivishwa mpira wa kumwagilia bustani, kwa sababu matairi hayakupatikana tena. Babu alishika usukani. Mwanamke naye aliushika. Walitazamana, halafu yule mama akaachia, kwa sababu Babu alikuwa na bunduki begani. Alipokuwa anapanda, mama yule alimwambia maneno machache.

"Nilielewa mawili," alisema Babu. "Yalitosha."

Siku tatu baadaye alikuwa akiteremka tuta kwa kasi. Baiskeli ilikataa kusimama. Alirushwa kwenye mawe, akavunjika mkono na kupasuka kidevu. Walimpeleka hospitali ya Middelburg, mji ulio katikati ya kisiwa.

Mdogo wangu alisema, "Kumbe kovu si la vita!" Mama alimwekea mkono begani.

Tarehe 2 Oktoba, Babu akiwa hospitalini, ndege za Waingereza zilidondosha karatasi za kuwaonya wenyeji waondoke haraka. Kesho yake zilirudi na mabomu. Hazikulenga mizinga peke yake. Zililenga tuta lenyewe, ili bahari iingie kisiwani na kuwadhoofisha Wajerumani waliokuwa wakiziba njia ya meli za kwenda bandari ya Antwerpen. Tuta lilipasuka. Katika kijiji hicho kidogo walikufa watu zaidi ya 150 siku moja. Wengine walikuwa wamekimbilia kwenye kinu cha upepo, na maji yakawafuata humo humo. Middelburg palikuwa juu kidogo, hapakuzama, na kutoka dirishani Babu aliona mashamba yakigeuka bahari. Maji yalijaa na kupwa ndani ya kisiwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka matundu ya matuta yalipozibwa. Miti ilikufa kwa chumvi.

"Mimi nilikuwa kitandani, pakavu," alisema Babu, "kwa sababu ya baiskeli yake. Na yeye, walipoambiwa waondoke, hakuwa na baiskeli."

Hapo ndipo mwenye kambi alipofika kuchukua malipo. Alikuwa mama wa miaka kama sabini, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na alizungumza Kijerumani vizuri kama watu wengi wa pwani ile wanaoishi kwa watalii. Baba alimlipa. Alipogeuka kuondoka, Babu alisimama, akavua kofia.

"Samahani, mama. Kuna maneno ya Kiholanzi niliambiwa zamani. Naomba unisaidie."

Akayasema. Aliyasema taratibu, kama mtoto anayesoma herufi, na nikafahamu kwamba alikuwa ameyarudia moyoni kwa miaka sitini na miwili bila kumwambia mtu yeyote: *pas op, de rem is stuk*.

Hapa inanipasa kumweleza msomaji asiyejua Kijerumani. Sisi tunayo maneno yanayofanana sana na *pas op*, na maana yake ni "angalia". Lakini kwa Kijerumani mtu akikuambia hivyo kwa hasira, ni kitisho: angalia wewe, utakiona! Neno *stuk* nalo hufanana na neno letu la "kipande". Neno la katikati, *rem*, halifanani na chochote cha kwetu. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na minane, mwenye bunduki na mali ya mtu mkononi, alisikia kitisho na vipande. Alisikia laana. Siku tatu baadaye alilala juu ya mawe akivuja damu, akaamini kwamba laana imemfika. Na wiki haikupita kijiji chote kikawa vipande, akaamini kwamba laana ile aliileta yeye.

Mwenye kambi alimwomba arudie. Kisha akayasema yeye mwenyewe, sawasawa na kwa haraka, na katika kinywa chake yalikuwa maneno madogo ya kila siku.

"Mzee," alisema, "hayo si maneno mabaya. Alikuambia, 'Tahadhari, breki ni mbovu.'"

Hakuna aliyesema neno. Birika lilikuwa linachemka ndani ya gari na Mama hakwenda kulizima.

"Una hakika?" aliuliza Babu.

"*Rem* ni breki. Kila mtoto wa hapa analijua."

Babu aligusa kidevu chake. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine tulikuwa nalo: "Kwa nini alimwonya mtu aliyekuwa anamwibia?" Mama alimwambia akalale. Mwenye kambi alisimama kidogo, akasema usiku mwema, akaenda zake.

Asubuhi tulikwenda makaburini. Mawe mengi yameandikwa tarehe moja, 3 Oktoba 1944, na majina ya ukoo mmoja hujirudia jiwe hadi jiwe. Babu alitembea mstari kwa mstari na kofia mkononi. Baba alimfuata akamwuliza anatafuta jina gani, ili amsaidie.

"Sijui," alisema Babu. "Sikumwuliza jina."

Alisoma majina yote vilevile. Ilichukua muda, na jua lilikuwa kali. Labda mama yule alikuwa chini ya jiwe mojawapo. Labda aliondoka kwa miguu siku ile ya karatasi, akaishi mpaka uzee. Hatukujua, wala hatujui mpaka leo.

Tuliporudi kambini Babu aliteremsha baiskeli ya Bibi kutoka nyuma ya Konokono. Aliifuta vumbi, akajaza upepo, akaisukuma mpaka nyumba ya mwenye kambi. Mimi nilimfuata kwa mbali. Alimwambia yule mama kwamba anataka kumwachia.

Mama yule alitikisa kichwa. "Mzee, mimi sikudai."

"Najua," alisema Babu. "Anayenidai sijui yuko wapi."

Walinyamaza. Halafu Babu akainama, akazungusha gurudumu la mbele, akakaza breki, gurudumu likasimama. Akafanya hivyo na la nyuma. Mama yule alitazama mpaka amemaliza, akapokea usukani, akaiegemeza baiskeli ukutani. Akasema wageni wasio na baiskeli wataitumia kwenda kununua mkate.

Baba alikuwa amesimama kando ya gari aliposikia baiskeli ya mama yake imekwenda wapi. Nilidhani atakasirika. Alifunga vizuri mikanda ya zile mbili zilizobaki, akaingia ndani na kuwasha injini.

Tangu majira yale Babu alikwenda nasi Jumamosi kununua kahawa. Aliwasalimu wauzaji kwa Kiholanzi, vibaya sana, nao walimjibu kwa Kijerumani, naye akaendelea na Kiholanzi chake. Alifariki miaka mitatu baadaye. Ile karata ya utani wa baiskeli mdogo wangu hajaicheza tena.

Watu huniuliza kwa nini nasoma lugha. Siku ya kwanza ya darasa la Kiswahili niliona neno "leo" nikadhani ni jina la mtu, kwa kuwa kwetu Leo ni mwanamume. Niliona pia neno "shule" nikafurahi, kwa sababu ni letu. Baadaye mwalimu alitueleza kwamba lilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Wajerumani, watu waliofika bila kualikwa, nao wakiwa na bunduki begani. Sasa nikikutana na neno linalofanana na la kwetu, siliamini upesi. Nauliza. Waholanzi husema kwamba jirani mwema ni bora kuliko rafiki wa mbali, na Waswahili husema karibu hivyo hivyo. Mama yule wa Westkapelle alikuwa jirani mwema kwa mtu ambaye hakustahili, kwa maneno sita tu. Babu alihitaji miaka sitini na miwili kuyasikia, na nyumba yetu ilikuwa kilomita 30 kutoka mpakani.